Kimeo Kilichotangulia Dar es Salaam

Kimeo cha mume wangu kilifika Dar es Salaam kabla ya mume wangu mwenyewe. Kilisafiri kwa basi la alfajiri kutoka Songea, ndani ya kikopo cha plastiki chenye dawa, na jina lake limeandikwa vizuri ubavuni. Kikapokelewa na watu wa maabara waliosoma miaka mingi, wakakigandisha kwenye nta, wakakikata vipande vyembamba, wakakipaka rangi, wakakitazama kwa darubini. Wakaandika kwamba hakina saratani. Na kweli hakikuwa nayo. Saratani ilikuwa imebaki Songea, mtaani kwetu Bombambili, inakaa mezani kwangu inakula ugali.

Nikisimulia hivi watu hucheka. Wacheke tu. Mimi kicheko changu kuhusu jambo hili bado hakijakomaa.

Mume wangu ni fundi seremala, na Jumapili ni besi kwenye kwaya ya parokia. Besi wapo wengine, lakini wenzake wakiambiwa hatakuja, mwalimu wa kwaya hubadilisha wimbo. Mimi ni fundi cherehani. Sare za kwaya nashona mimi, kwa hiyo shingo ya mume wangu naijua kwa futi kuliko anavyoijua yeye kwenye kioo. Nilipoona ameacha kufunga kifungo cha juu nikamwuliza kulikoni. Akasema joto. Ilikuwa mwezi wa saba, mlima Matogoro umejifunika ukungu mpaka saa nne, watu wanatembea na makoti, yeye anasikia joto.

Nikapapasa. Upande wa kulia, chini ya taya, kulikuwa na uvimbe mgumu wa ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji.

"Hauumi," akasema.

Neno hilo nimelichukia mpaka leo. Hauumi, kwa hiyo hauna neno. Hauumi, kwa hiyo usinisumbue. Majirani nao walikuwa na majibu yao. Hizo ni tonsesi, asukutue maji ya chumvi. Hilo ni baridi la mwezi huu, anywe tangawizi. Na shangazi yake wa Matogoro, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, hakuhitaji hata kutazama. "Kimeo hicho," akasema. Kwa shangazi, kila kinachomsibu binadamu kuanzia mabega kwenda juu ni kimeo, kile kijinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Mtoto akikohoa, kimeo. Mtoto asiponenepa, kimeo. Na dawa ya kimeo ni moja: unampeleka kwa mkata vimeo, anafungua mdomo, kinaondolewa, mnarudi nyumbani. Watoto wa ukoo ule walikatwa karibu wote, isipokuwa mume wangu, ambaye utotoni alimng'ata mkataji kidole. Shangazi alikuwa hajaisahau kazi ile iliyobaki.

Nilimburuta hospitali. Sisemi nilimshauri, nilimburuta. Alikuwepo daktari bingwa wa masikio, pua na koo, ambaye huja Songea kwa zamu kisha huenda mikoa mingine. Alimulika, kisha akakandamiza ulimi. Akauliza habari ya sigara, akajibiwa hajawahi. Akauliza pombe, akajibiwa ulanzi kidogo kwenye msimu wake.

"Findo lako la kulia, hiyo mnayoita tonsesi, limevimba, na sipendi lilivyo," alisema. "Nataka nikate kipande kidogo hapo hapo kwenye uvimbe, kiende maabara Dar es Salaam. Kuna maswali mawili. La kwanza, je, ni saratani? La pili, kama ni saratani, je, imeletwa na kirusi?"

"Kirusi?" mume wangu akauliza.

"Si UKIMWI, mzee," daktari akawahi, maana hapa kwetu ukitaja virusi mtu anasikia kimoja tu. Akaeleza kwamba kuna kirusi ambacho watu wengi hukipata ukubwani, mwili ukakifukuza bila mtu kujua. Kwa wachache hakiondoki. Kinajificha miaka na miaka, halafu kinaharibu. Kwa wanawake huleta saratani ya mlango wa kizazi, ndiyo maana wasichana wanachanjwa shuleni. Na siku hizi wanakikuta kwenye makoo pia, hata ya watu wasiojua sigara.

"Cha wanawake?"

"Hakichagui."

"Kinaingiaje kooni?"

Daktari akamjibu waziwazi, kwa sauti ya kawaida, kama anaelezea bei ya mbao. Mume wangu akatazama dari. Mimi nikatazama viatu vyangu. Tumeoana kanisani, tuna watoto wakubwa, na bado tulikaa pale kama wanafunzi waliokamatwa.

Vikopo vya hospitali vilikuwa vimeisha. Tulinunua chetu duka la dawa, tukakirudisha, kikatiwa dawa yenye harufu inayochoma macho, kikaandikwa jina. Tukapewa pamoja na karatasi iliyosainiwa tukae navyo mpaka Alhamisi, siku ya kukatwa. Njiani mume wangu alitembea mbele peke yake. Nilidhani anaogopa kisu.

Jumatano jioni akaniambia Alhamisi shangazi ndiye atakayemsindikiza. Hapo nilikubali, na ningetaka mtu anieleze ningefanyaje vinginevyo. Shangazi aliyemlea akisema anamsindikiza mwanawe, mkamwana hasemi ngoja na mimi nije. Mkamwana anasema asante shangazi, anapika chai. Nilipika chai.

Walirudi mchana. Mume wangu ameshika leso yenye damu, macho mekundu, hawezi kumeza mate.

"Wamekata?" nikauliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Na kipande mmekikabidhi?"

"Nimeona kwa macho yangu kikipokelewa dirishani," akajibu shangazi, na hakusema uongo hata kidogo. Wote wawili hawakunidanganya. Ndicho kinachoniudhi zaidi. Kila nilichouliza nilijibiwa kweli.

Basi tukaanza kusubiri. Mimi mteja nikimcheleweshea gauni siku moja ananiimbia mtaa mzima. Lakini majibu ya maabara ukiyauliza unaambiwa bado mama, na unatakiwa kusema asante. Mara dawa ya kupakia rangi imeisha huko Dar. Mara mtandao. Mara majibu yametoka lakini hayajasainiwa. Nilikuwa naacha cherehani, napanda bodaboda, nafika dirishani, yule dada wa mapokezi ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijashuka. Ikafika mahali yule bodaboda naye akawa ananiuliza, "Mama, bado tu?"

Yalipotoka, bingwa alikuwa mkoa mwingine. Tukasomewa na daktari kijana. Alisema mambo matatu, na niliyasikia yote. Kwamba kipande kilichopelekwa hakina saratani. Kwamba kile kipimo cha kirusi hakikufanyika, kwa sababu hapakuwa na saratani ya kukipimia. Na kwamba kama uvimbe bado upo, lazima tumrudie bingwa akija, maana inawezekana kipande hakikuchukuliwa penye ugonjwa.

Mume wangu alibeba la kwanza tu, akalikimbiza nyumbani.

Jumuiya yetu ya kanisa ilikutana kwa shukrani. Mbuzi akachinjwa. Kwaya ikaja, wakaimba uani mpaka jirani zetu Waislamu wakaja kutazama na kutupongeza, mmoja akasema alhamdulillahi kwa niaba ya wote. Mume wangu akaimba besi yake. Wengine walikuwa wanatazama mdomo wake, mimi nilikuwa natazama shingo. Ule uvimbe ulikuwa unapanda na kushuka pamoja na wimbo. Yai lile lilikuwa limekuwa kubwa zaidi.

"Shangazi," nikasema jikoni, tukigawa nyama, "mbona uvimbe upo?"

"Mkamwana, kwani wewe unataka mwanangu augue? Dar wamesema hana kitu."

"Dar hawakusema hana. Wamesema kile kipande hakina."

"Ndiyo hivyo hivyo," akasema, akanipa sahani ya maini nipeleke nje.

Niliipeleka. Mwanamke anayebisha kwenye karamu ya shukrani ya mumewe anasemwa hata kwenye vilabu vya ulanzi asivyovijua.

Siku si nyingi baada ya mbuzi kuisha, asubuhi moja ugali wa kiporo ukamkwama. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Nikachukua simu, nikawasha tochi, nikamwambia afungue mdomo. Akakataa. Nikamwambia afungue mdomo au niite jirani amshike. Akafungua.

Nimelea watoto, makoo nimeyachungulia mengi. Najua yalivyo. Upande wa kulia kulikuwa na donge jekundu lenye weupe juu yake, zima kabisa, halijaguswa na kisu wala wembe. Na katikati, pale panapopaswa kuning'inia kimeo, palikuwa patupu.

"Kimeo kiko wapi?"

Akafunga mdomo. Akatazama mlangoni, akatazama sufuria.

"Baba watoto. Kimeo kiko wapi?"

"Kiko Dar," akasema.

Nilizima tochi. Nikamwambia arudie, akarudia. Siku ile ya Alhamisi hawakwenda kwa daktari. Walikwenda Mshangano kwa mkata vimeo. Shangazi alikuwa amemwambia kuwa hospitali wanataka kinyama cha koo, na kinyama cha koo kinajulikana, kwa nini aende kukatwa mara mbili? Wakakata kimeo, shangazi akakitia kwenye kikopo, wakapitia hospitali, wakakipitisha dirishani na karatasi yake iliyosainiwa. Yule dada aliona jina linalingana na jina, akapokea. Alikosea nini? Nani angewaza?

"Walitaka cha koo," mume wangu akasema. "Kwani kimeo si cha koo?"

Hapo nilipandisha sauti, na majirani wa Bombambili wote ni mashahidi. Nilimwambia mimi ni fundi cherehani. Mteja akitaka nimtafutie kitambaa kinachofanana na suti yake, ananiletea kipande kutoka kwenye suti. Akiniletea kipande cha pazia, nitamtafutia pazia, na nitakuwa sijakosea! Nikamwambia maabara haina mganga anayetazama jina la mtu akaona mwili mzima. Inaona kile ulichoipa. Umeipa pazia! Nikamwambia tumechinja mbuzi kwa ajili ya kimeo. Kwaya nzima imekuja kuimbia kimeo, na mimi nimepeleka maini.

Aliniacha nimalize. Halafu, akichezea kijiko, akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Wewe uliwahi kutibiwa kule kliniki ya akina mama."

Ilikuwa kweli. Miaka iliyopita, kwenye upimaji wa mlango wa kizazi, walinikuta na dalili za mwanzo, wakanitibu palepale, ikaisha. Alinisindikiza yeye mwenyewe. Alinisubiri nje chini ya jua akiwa na chupa ya maji.

"Daktari alisema ni kirusi kile kile," akaendelea. "Wangeandika kimo kooni kwangu, shangazi angejua, jumuiya ingejua. Wangekuuliza wewe. Wangesema mke ndiye aliyemletea. Nikaona bora wapime kitu ambacho hakina."

"Kwa hiyo ufe ili nisisengenywe?"

"Sikuwaza kufa. Nilikuwaza wewe."

Nililia kwa hasira. Sitaki mtu anisaidie kuiita kwa jina lingine, ilikuwa hasira. Nilimpenda na nilitaka kumpiga na mwiko. Mwanaume mzima, anayepima mbao mara mbili kabla ya kukata mara moja, anapanga mpango wa kijinga namna ile kwa siri, na katikati ya ujinga wote huo kumbe nimewekwa mimi. Afadhali angekuwa ameogopa kisu. Hofu ya kisu ningeigombeza mpaka nitosheke.

Bingwa aliporudi tulikuwa wa kwanza mlangoni. Nilimsimulia nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningelia tena. Daktari akaweka kalamu chini.

"Kimeo?" akauliza.

"Kimeo."

"Kwenye kikopo changu?"

"Kwenye kikopo chako."

Hakucheka, na namshukuru. Alimulika, akatazama muda mrefu, kisha akapapasa shingo, kwanza kulia, halafu kushoto. Kushoto alirudia. Siku hiyo hiyo akakata, safari hii penyewe, na kikopo nilikishika mimi. Nilikaa nacho kwenye benchi nimekipakata. Shangazi alikuja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono apokee kikopo. Nikamwambia hapana shangazi, kiko vizuri hapa. Tangu niolewe sikuwahi kumwambia hapana.

Majibu yalichelewa kama yale ya kwanza, ila mimi sikuwa tena na asante za kusema dirishani. Bingwa akatusomea mwenyewe. Ni saratani. Na kirusi kimo. Alieleza kwamba kile kipande kimepakwa rangi ya kugundua alama ya kirusi, na kimegeuka kahawia karibu chote. Halafu akasema kitu ambacho mume wangu alikuwa amekikimbia kutoka Bombambili hadi Mshangano: kwamba hiyo ya kirusi ndiyo ambayo kwa kawaida husikia zaidi dawa na mionzi kuliko ile ya sigara. Kama mtu angechagua, angechagua hiyo.

"Kwa hiyo ni habari njema?" mume wangu akauliza, sauti imeshaanza kukwaruza.

"Ingekuwa njema zaidi kama ningeipata mara ya kwanza," daktari akasema. "Wakati ule ilikuwa upande mmoja wa shingo. Sasa iko pande mbili. Bado tunatibu. Lakini sitakudanganya kwamba ni sawa."

Hakumkaripia. Nilitamani amkaripie kidogo, nipumzike mimi.

Yule mbuzi tulimla wakati uvimbe unavuka kwenda kushoto. Hilo ndilo ninaloliwaza nikikanyaga cherehani. Najua halisaidii kitu, lakini naliwaza.

Kwenye jumuiya nilisimama mwenyewe kabla mtu hajauliza. Nilisema mume wangu ana saratani ya koo, imeletwa na kirusi, tunakwenda Dar kwa mionzi. Shangazi akauliza mbele ya watu, kirusi gani? Nikamjibu ni kile wanachochanjiwa wasichana. Kimetoka kwangu kuja kwake au kwake kuja kwangu, au kila mmoja alikuja nacho kabla hatujajuana, daktari mwenyewe hajui na hakuna maabara inayopima hilo. "Anayetaka kuuliza zaidi aulize sasa," nikasema, "maana kesho nashona na keshokutwa tunasafiri." Mzee mmoja akakohoa, akaanzisha rozari.

Shangazi hakuomba radhi. Siku ya safari alikuja stendi kukiwa bado giza, na karanga za kukaanga na chupa ya asali, akamwambia mwanawe ale vizuri. Mimi akanishika mkono, akaushikilia, akauachia. Karanga zenyewe mume wangu hakuweza kuzitafuna.

Sasa tuko Dar, kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali. Mionzi inamchoma ndani ya mdomo, shingo imekuwa nyeusi, chakula ni uji mwepesi, nao unamchukua asubuhi nzima. Amekatazwa kuimba. Haimbi, anavuma na mdomo umefungwa, ile besi ya Kyrie, eti huko si kuimba. Nikimkemea ananyamaza, nikigeukia jiko anaanza tena. Sauti yenyewe si ile. Imebaki kama randa kwenye mbao mbichi. Kama itarudi hatujui. Kama atarudi naye kwenye mstari wake wa nyuma, hatujui. Madaktari wanasema tusubiri wamalize kisha wapime upya, na mimi kusubiri maabara ndiyo kazi niliyoihitimu.

Kila asubuhi, kabla ya uji, nawasha tochi ya simu. Siku hizi habishi. Namwambia fungua mdomo, anafungua, ananitazama machoni kama anayesubiri kusomewa majibu. Katikati patupu, pale kimeo kilipokuwa. Kulia, lile donge. Leo nimeliona dogo. Nimesogeza tochi, nikalitazama tena, bado nimeliona dogo, na sijui kama limepungua au ni macho yangu yanataka lipungue.

"Vipi?" akauliza, mdomo bado wazi.

Safari hii nilichokuwa natazama ni lile donge lenyewe, si kimeo. Nikamwambia afunge mdomo, uji unapoa.